Simu yangu ilipaa mita 90 ikiwa imelala mezani

Ngoja nianze na hii maana ndo iliyonikesha. Niliandika kaprogramu kadogo ka kusoma sensa ya mwendo ya simu, nikailaza simu mezani kioo juu, nikasogea mbali kabisa nisije nikaitikisa hata kwa kiwiko, dakika moja ikapita, narudi kuangalia naambiwa simu imepaa juu mita 90. Tisini! Niliangalia dari, niliangalia simu, simu imelala pale pale na vumbi lake.

(Nitaandika sensa kila mahali. Najua sensa ni ile ya kuhesabu watu, na vitabu vinasema kihisi au kitambuzi, ila mi na wenzangu tunasema sensa na tunaelewana, tusonge mbele.)

Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasani tu. Sensa inakupa mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka au kupungua, ukiujumlisha kidogo kidogo unapata kasi, ukijumlisha kasi unapata umbali. Kwenye karatasi inapendeza kweli. Simu ikiwa mezani inatakiwa isome 9.81 kwa ajili ya mvutano wa dunia, mi natoa 9.81, inabaki sifuri, na sifuri hata ukiijumlisha mara elfu ni sifuri. Sasa yangu nilipoifungua faili nikakuta hivi:

0.000, 9.861
0.020, 9.858
0.040, 9.864
0.060, 9.859

Upande wa kushoto sekunde, upande wa kulia mchapuko. Inacheza cheza kwenye 9.86. Tofauti ni 0.05, nani angeijali? Lakini hiyo 0.05 ukiiacha sekunde 60 inakuwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, hiyo ni mtu yuko mchakamchaka, na umbali unakuwa nusu ya 0.05 mara 60 mara 60, piga mwenyewe, ni 90. Ukiisahau dakika tano inafika mita 2250. Yaani kosa lenyewe halijaongezeka hata kidogo, ni lile lile la mwanzo, ila kila ukijumlisha linazaa, na mi nilijumlisha mara mbili.

Na hapo ndo nilipoanza kushuka kwenye hili shimo. Nilikuwa nadhani kusoma sensa ni kama kusoma saa, unauliza unajibiwa. Kumbe ile namba inayokufikia ishapita mikono mingi, na kila mkono umeigusa kidogo.

Mkono wa kwanza ni chipu yenyewe. Hiki kitu nakipenda sana nikikifikiria. Ndani ya akselerometa, yaani hiyo sensa inayopima mchapuko, kuna kipande kidogo sana cha silikoni, kimening'inizwa kwenye vispringi vya silikoni hiyo hiyo. Pembeni kina meno kama kitana, na meno hayo yamepishana na meno mengine yaliyoshikamana na ukuta, hayagusani, yanapakana tu. Ukiisukuma simu, ukuta unaenda nayo, kile kipande kwa uvivu wake kinabaki nyuma kidogo, nafasi kati ya meno inabadilika, uwezo wake wa kushika chaji ya umeme unabadilika pia, chipu inapima hilo badiliko na kuligeuza namba. Hamna kingine. Kitana kinachotikisika, ndo hicho kinachojua kama umelaza simu au umeisimamisha.

Ukishaelewa hivyo unaelewa na kwa nini simu iliyotulia haisomi sifuri. Sensa haina habari na mvutano wa dunia, inachojua ni springi zimevutika kiasi gani. Meza inaishikilia simu isianguke, kile kipande ndani kinaning'inia, springi zinavutika, inasoma 9.8 na ushee kwenye mhimili wa z, ule unaotoka kwenye kioo. Ukiiachia simu ianguke (juu ya mto nene tafadhali, na mara moja tu, usije ukanilaumu), ikiwa hewani inasoma karibu na sifuri, maana ukuta na kipande vinaanguka pamoja, hakuna anayemvuta mwenzake. Yaani inaposoma sifuri ndo wakati una haki ya kupata presha.

Halafu hiyo 9.81 nayo ni ya kukariri. Kwenye ikweta mvutano ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia ni kama 9.83, kwa hiyo mtu aliye ikweta akitoa 9.81 kwa uaminifu kabisa kama alivyofundishwa, sensa yake hata ingekuwa haina dosari yoyote, kwa dakika moja simu yake itazama ardhini mita 54. Mi angalau yangu ilipaa.

Kabla sijaenda mbali, kama unataka tu kuchungulia bila kuandika programu, njia zipo. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, iko kwenye Android na iPhone, inachora grafu papo hapo, inatoa faili la kufungua kwenye kompyuta, na kitu kizuri zaidi ni kwamba simu na kompyuta zikiwa kwenye mtandao mmoja unaweza kuangalia grafu kwenye kompyuta huku simu iko kwingine. Hiyo inasaidia sana maana kidole chako kikigusa kioo tu ushaharibu kipimo. Simu nyingi za Samsung ukipiga *#0*# inafunguka menyu ya majaribio na kuna sehemu ya sensa. Na kama we ni mtu wa kebo na kompyuta, washa ruhusa ya wasanidi programu, chomeka, na kwenye kompyuta yenye adb (kaprogramu ka kuiamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta) andika

adb shell dumpsys sensorservice

utamwagiwa orodha nzima. Mi yangu ilitoa sensa 37. Nikavimba kichwa, simu yangu ina sensa 37! Nilivyosoma majina taratibu nikaona akselerometa, jairoskopu (inapima simu inavyozunguka), magnetometa (sumaku), barometa (presha ya hewa), mwanga, ukaribu, hizo ndo chipu za kweli, zilizobaki karibu zote ni hesabu. "Gravity" sio chipu, ni akselerometa imechanganywa na jairoskopu. "Linear acceleration" ni akselerometa imetolewa hiyo gravity. "Rotation vector" ni tatu zimepikwa chungu kimoja. Ni kama familia ya watu sita ambao kila mmoja ana majina matano, ukiita unadhani umejaza ukumbi.

Na sio vibaya, mara nyingi hizo zilizopikwa ndo unazozihitaji. Ila ujue unakula chakula kilichopikwa, usije ukasema umeonja shambani.

Hata hii sensa ya ukaribu, ile inayozima kioo ukiweka simu sikioni, nilitegemea inipe sentimita. Simu nyingi inakupa majibu mawili tu, 0 au 5, yaani "kuna kitu" na "hakuna kitu". Kuna simu nyingine hazina hata hiyo chipu, zinatumia spika na maiki kurusha sauti usiyoisikia na kusikiliza inavyorudi, kama popo. Ya mwanga nayo ilinipotezea jioni nzima, naangalia grafu imekauka, hamna data, nikajua imekufa. Haijafa. Ile sensa inaongea pale mwanga ukibadilika tu, chumba kilikuwa na taa ile ile, haina cha kusema ikanyamaza. Nikapitisha mkono juu yake ikaanza kubwabwaja. Tangu siku hiyo nikiona ukimya kwanza najiuliza kama hii ni sensa ya kuongea mfululizo au ya kuongea ikiwa na habari.

Sasa mkono wa pili, na hapa ndo watu wengi tunaumia, ni muda.

Kwenye Android unaposajili kusikiliza sensa unaiambia unataka data kila baada ya muda gani. Kuna majina yaliyotengwa tayari, SENSOR_DELAY_NORMAL ni kila milisekunde 200, SENSOR_DELAY_GAME ni kila milisekunde 20. Mi nikaweka ya 20, nikahesabu sekunde moja ina sampuli 50, nikaandika programu yote kwa imani hiyo. Imani ndo neno lake. Ile namba ni ombi, sio amri. Mfumo unaweza kukuletea haraka zaidi kama kuna programu nyingine inataka haraka, na unaweza kukuchelewesha ukiwa umebanwa.

Afu nikafanya kosa lingine la kitoto zaidi, kila data ikifika naangalia saa ya simu naandika "imefika saa hii". Grafu ikatoka ya ajabu, sampuli 40 zimerundikana sehemu moja kama abiria mlangoni, afu pengo, afu zingine 40. Nikadhani sensa ina kwikwi. Kumbe chipu ina kaghala kake, inakusanya data humo kuokoa betri halafu inazimwaga zote kwa mkupuo, kwa hiyo mi nilikuwa naandika saa ya kupokea barua badala ya tarehe iliyoandikwa ndani ya barua. Na tarehe ipo! Kila data inakuja na muda wake wa kuzaliwa kwa nanosekunde, nilikuwa naipita tu bila salamu. Angalizo dogo, ule muda kwa kawaida unahesabiwa tangu simu ilipowashwa, sio saa ya ukutani, kwa hiyo ukiona namba ndefu isiyofanana na tarehe yoyote usishtuke, toa wa kwanza kwenye wa pili unapata tofauti na hiyo tofauti ndo unayoitaka.

Mashine ya kufulia ndo ilinifundisha vizuri zaidi habari ya kasi ya kusoma. Nilitaka kujua ngoma yake inazunguka kasi gani inapokamua, maana kioo chake kinasema 1200 kwa dakika na mi na mashine zinazojisifia huwa hatuelewani. Mizunguko 1200 kwa dakika ni 20 kwa sekunde. Nikabandika simu juu yake, siku hiyo programu ilikuwa bado inasoma mara 15 kwa sekunde kwa sababu nilikuwa naitumia kwa kitu kingine, nikasahau. Nikakusanya, nikatafuta mtikisiko unajirudia mara ngapi, jibu likaja: mara 5 kwa sekunde. Mizunguko 300 kwa dakika. Nikafurahi kweli, nimeikamata mashine inadanganya! Nikaanza hadi kupanga maneno ya kulalamika.

Bahati nzuri nilikaa nikawaza. Mashine inayozunguka mara 5 kwa sekunde ungeweza karibu kuihesabu kwa macho, na hii ilikuwa inavuma kama inataka kuruka. Ushawahi kuona kwenye video gari linaenda mbele lakini gurudumu linaonekana linazunguka polepole au linarudi nyuma? Ndo kilichonipata. Kitu kinatikisika mara 20, we unachungulia mara 15, kila ukichungulia kimeshamaliza mzunguko mmoja na theluthi ya mwingine, we unaona theluthi tu, na theluthi ya 15 ni 5. Ishirini toa kumi na tano. Sheria yake inajulikana siku nyingi, ukitaka kuona mtikisiko fulani lazima usome zaidi ya mara mbili yake, kwa hiyo kwa 20 nilitakiwa nisome zaidi ya mara 40. Nikarudi nikaweka 100, kilele cha grafu kikasimama pale pale kwenye 20. Mashine ilikuwa inasema kweli, mwongo alikuwa mimi.

Kinachoniogopesha kwenye ile grafu ya kwanza ni kwamba haikuwa na fujo yoyote. Ilikuwa safi, kilele kimoja kirefu, kizuri, cha uongo mtupu. Makosa yenye kelele unayakamata, haya yaliyovaa vizuri ndo yanaingia hadi sebuleni.

Kuna na lile la mfukoni. Nilitaka kurekodi matembezi ya nusu saa, nikaanzisha programu, nikazima kioo, nikatia mfukoni, nikatembea kwa adabu zote. Kurudi nina data ya dakika nne. Tangu Android 9 programu ikiwa nyuma ya pazia haipewi tena data ya sensa zinazoongea mfululizo kama akselerometa na jairoskopu, lazima uiendeshe kama huduma inayoonekana, ile yenye arifa juu ya kioo, na hata hapo simu zingine zina ule uokoaji betri mkali unaoua kila kitu kinachopumua. Na hamna ujumbe wa kosa. Faili linafunguka vizuri, lina vichwa vya safu, lina namba, linaishia tu katikati ya hatua.

Kama unachotaka ni hatua tu basi usihangaike na akselerometa, simu nyingi zina sensa ya kuhesabu hatua ambayo inafanya kazi hata programu yako imelala. Ina tabia zake mbili tatu, inahesabu tangu simu iwashwe sio tangu uianzishe wewe, inaweza kuchelewa mpaka kama sekunde 10 kukuambia kwa sababu inajiridhisha kwanza kwamba ni hatua kweli, na kuanzia Android 10 lazima umuombe mtumiaji ruhusa.

Ruhusa. Hapo kuna kitu kinanikera. Kusoma akselerometa na jairoskopu kwenye Android hakuhitaji kumuuliza mtu chochote. Kamera inauliza, maiki inauliza, hatua zinauliza, lakini sensa inayojua umelala, umekaa, uko kwenye gari, inapita bila hodi. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford wakishirikiana na kampuni ya Rafael ya Israeli walionyesha kwamba jairoskopu ya simu inaweza kunusa sauti ya mtu anayeongea karibu, maana sauti ni mtikisiko na jairoskopu nayo ni kitu kinachotikisika ndani. Haikuwa kamili, ilikuwa inakamata maneno machache kwa shida, lakini inakamata. Sauti ya binadamu iko juu kidogo kwa hiyo kadri unavyosoma haraka ndo unavyosikia zaidi, na Android 12 ikaja na kikomo, zaidi ya mara 200 kwa sekunde lazima programu itangaze kwamba inahitaji. Kwenye Safari, kile kivinjari cha iPhone, nako tangu iOS 13 tovuti haiwezi kusoma mwendo wa simu mpaka uguse kitufe ukubali. Naona ni sawa kabisa, na natamani isingeishia kwenye tovuti.

Kwa kuwa nimeitaja iPhone, rafiki yangu mwenye nayo aliandika kaprogramu kake akanitumia faili tulinganishe. Grafu yangu iko juu kwenye 9.86, yake iko chini ya sifuri kwenye hasi 1. Akaniandikia "we simu yako mbovu", nikamjibu "yako ndo imepinduka". Tukabishana karibu saa nzima watu wazima. Hakuna mbovu, iPhone inatoa jibu kwa kipimo cha g, yaani moja ni mvutano mmoja wa dunia, halafu wamechagua alama iende upande wa kinyume na Android. Simu mbili zimelala meza moja, moja inasema 9.8 nyingine hasi 1, na zote ziko sahihi.

Barometa ndo iliyonirudishia imani. Sio simu zote zinayo, angalia kwenye orodha yako. Nilishaachana na kupata urefu kwa kujumlisha mara mbili, nikaingia na simu kwenye lifti, nikaishikilia ukutani, nikarekodi akselerometa na barometa kwa pamoja. Akselerometa: lifti inaanza, inapanda mpaka 10.7 hivi kwa sekunde mbili, halafu inarudi 9.86, inakaa hapo hapo imetulia, halafu inashuka mpaka 9.0, halafu inarudi tena 9.86. Pale katikati lifti inakwenda kwa kasi kweli kweli lakini sensa inasoma namba ile ile ya mezani. Mwendo wa kasi isiyobadilika na kukaa tuli kwa ile springi ni kitu kimoja. Nilijua hili tangu shule lakini kuliona likiwa mstari ulionyooka wakati masikio yanaziba ni habari nyingine.

Barometa yenyewe haikuwa na mbwembwe. Ilianza 1008.62 ikaishia 1005.72, inashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Karibu na usawa wa bahari presha ya hewa inapungua kama hektopaskali 0.12 kwa kila mita unayopanda, kwa hiyo 2.90 gawa kwa 0.12 ni mita 24, ghorofa nane za mita tatu tatu, na nilipanda ghorofa nane. Nilitamani kumwonyesha mtu lakini lifti ilikuwa tupu. Ila nayo usiiamini kwa siku nzima, hali ya hewa ikibadilika presha inapanda na kushuka, simu iliyokaa mahali pamoja tangu asubuhi inaweza kukuambia imehama ghorofa kadhaa kabla ya jioni. Hata kufungua mlango wa chumba kilichofungwa vizuri nimeona kajino kadogo kwenye grafu.

Magnetometa sina mengi ya kusema, inasoma sumaku kwa mikrotesla, dunia yenyewe ni kati ya 25 na 65 kutegemea uko wapi, yangu ilikuwa inasoma 310 na dira inaelekeza kaskazini kokote ninakogeukia. Nilichora ile namba nane hewani kama wanavyoshauri mpaka bega likauma. Kifuniko cha simu kilikuwa na sumaku ya kujifungia. Nimemaliza.

Turudi mezani basi, maana mita zangu 90 bado zinaning'inia.

Dawa ni ya kizamani na haihitaji kifaa chochote. Unailaza simu kioo juu, unasoma wastani wa dakika moja. Unaigeuza kioo chini, unasoma tena. Kama sensa ni safi zitatoka namba mbili zinazolingana, moja chanya moja hasi. Yangu ilitoa 9.86 na hasi 9.74. Jumlisha gawa mbili unapata 0.06, hiyo ndo dosari inayokaa ndani muda wote, haijali uko upande gani. Toa hasi kwenye chanya gawa mbili unapata 9.80, huo ndo mvutano kama simu yangu inavyouona. Fanya hivyo kwa pande zote sita, usimamishe kwa vitabu pembeni isianguke, na hakikisha imesimama wima kweli, kwa sababu ukiwa umeinama nyuzi 1 tu, mvutano unavujia kwenye mhimili wa pembeni kama 0.17, na hiyo kwa sekunde 10 peke yake inakupeleka mita 8 na nusu kando. Mi nilihangaika na pande zile nyembamba kwa nusu saa, mara kitufe cha sauti kinaibinua, mara kamera iliyotokeza nyuma inaipa mwinuko, niliishia kuiegemeza kwenye kona ya boksi.

Nikaziweka zile namba kwenye programu, nikailaza tena mezani, nikatoka, nikarudi baada ya dakika moja.

Mita 7.

Nikasubiri ipoe maana ilikuwa imetoka kwenye chaji, na zile dosari zinahama kidogo joto likibadilika, nikarudia mara tatu, ikatoa 7, 4, halafu hasi 6. Kwa hiyo sasa hivi mara inapaa mara inazama, na vumbi juu yake halijasogea.